Hizi vaisi za zamani za Dodoma zilitoka wapi? Nimepata ya tatu

#1 BenchiLaMninga

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilipita kwa mzee mmoja anayenunua vyuma chakavu Kizota, nikitafuta kipande cha bomba tu. Juu ya mzani kulikuwa na vaisi (kile kifaa cha chuma cha kubania vitu mezani) imelala kichwa chini, imeganda kutu, mpini umepinda. Ilikuwa inapimwa ipande lori pamoja na rimu za baiskeli na mabati. Nikamwambia mzee, hii nipimie mimi. Kilo 30 na ushee, kwa 1,000 kila kilo. Nikalipa, bodaboda akaifunga kwa mpira, tukafika nayo Ipagala.

Nimeisugua kwa dizeli na brashi ya waya hadi saa nne usiku. Ikatoka herufi R, ikafuata nyingine, mwishowe neno zima: RECORD, na chini yake ENGLAND. Taya inchi 6. Skrubu yake ndani ya grisi iliyokauka bado inang'aa.

Hii ni ya tatu ndani ya miaka miwili. Ya kwanza niliipata Kibaigwa kwa fundi baiskeli. Ya pili Mpwapwa, ilikuwa imeegemezwa mlango wa zizi la mbuzi usifunguke. Ile ya Mpwapwa ina alama ya mshale uliogongwa kwenye chuma. Hii mpya ina herufi ubavuni. Nasoma E na A, zilizobaki zimezibwa na rangi.

Sasa naomba tujadili. Dodoma haikuwa mji wa viwanda. Machuma mazito namna hii ya Uingereza yaliletwa na nani, yafanye kazi gani? Mimi msimamo wangu ni mmoja: zote ni mabaki ya Mradi wa Karanga wa Kongwa. Na inaniuma kuona zinapimwa kwa kilo ziende kuyeyushwa kuwa nondo.

#2 Kinyozi wa Area C

Picha mkuu. Tunajadili vaisi ya hewani?

#3 MjukuuWaReli

Karanga imetoka wapi tena? Mtoa mada, hizo ni za reli. Dodoma yenyewe ni mtoto wa reli. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, Morogoro wakafika 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Njia nzima hiyo ilikuwa na magenge ya matengenezo, pampu za maji, karakana. Babu yangu alikuwa fundi wa reli, na kwenye kibanda chao kulikuwa na vaisi ambayo yeye mwenyewe aliikuta, na waliomtangulia waliikuta. Ni za Mjerumani hizo.

#4 Tona

@MjukuuWaReli, sehemu ya reli naweza kukubaliana nawe, ya Mjerumani hapana.

Record ni ya Sheffield, Uingereza, kampuni ya C & J Hampton. Kampuni ilianza 1898, na jina Record likasajiliwa 1909. Mjerumani aliyekuwa anajenga reli wakati huo, kwao kuna viwanda vya vyuma kila kona, akanunue vaisi kwa mshindani wake? Sioni.

Ukitaka vaisi ya umri ule tafuta ile ya mguu: ina nguzo ndefu inayoshuka hadi chini na kusimama juu ya gogo au sakafu, na taya zinarudishwa na springi ya bapa. Ile imefuliwa kwa moto na nyundo, haikumiminwa, ndiyo maana mhunzi anaigonga siku nzima haivunjiki. Niliwahi kuiona moja kwa wahunzi upande wa Manyoni. Hiyo ukiniambia ni ya Mjerumani nitakusikiliza.

Halafu BenchiLaMninga, hizo herufi E na A zisugue taratibu. Kama ni E.A.R. & H. basi ni East African Railways and Harbours, na shirika hilo liliundwa 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika.

#5 MjukuuWaReli

@Tona asante, la Sheffield nimelikubali. Lakini alama iliyogongwa inakuambia mwenye mali, haikuambii siku mali ilipofika. Mashirika yalipounganishwa huenda vifaa vilihesabiwa upya. Vaisi ingeweza kufika miaka ya 1920 chini ya Tanganyika Railways, ikagongwa herufi mpya 1948, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ikabaki palepale kwenye meza ileile chini ya shirika jingine. Meza moja, waajiri watatu.

#6 MtotoWaKongwa

Mbukwenyi!

Mimi ni mzaliwa wa Kongwa na mtoa mada yuko sahihi. Wengi mnasikia "mradi wa karanga" mnadhani ni shamba la ekari kumi. Ulianza 1947. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yamekuwa haba, wakaamua karanga zilimwe huku kwetu kwa mashine. Matrekta na matingatinga mengi yalikuwa mabaki ya jeshi. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, wakaviita Shervick.

Sasa anayeijua ardhi ya Kongwa anajua kilichofuata. Mvua ikikatika udongo unashikana kama saruji. Mibuyu na vichaka vya miiba vilizishinda mashine. Zikawa zinavunjika kuliko zinavyolima. Karakana ya kutengeneza mashine nyingi hivyo ilihitaji vaisi ngapi? Siyo mbili wala tatu. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, Wazungu wakaondoka, vitu vikabaki. Wazee wetu walikuwa na vijiko vya chakula, vitanda vya chuma, mapipa, vyote vya karanga. Vaisi ishindwe nini?

Na ule mshale wa Mpwapwa ndio muhuri wangu wa mwisho. Mshale ule ni alama ya mali ya jeshi la Uingereza. Mabaki ya jeshi, Kongwa, Mpwapwa jirani hapo. Nimemaliza.

#7 Mwalimu wa Ufundi

Mnasema vaisi, vaisi. Neno la Kiswahili ni jiliwa. Wanafunzi wangu nawafundisha jiliwa.

#8 Kinyozi wa Area C

Mwalimu, nenda Majengo kaulize "jiliwa", utaletewa mtu anayeliwa.

#9 Mwalimu wa Ufundi

Cheka tu. Neno lipo kwenye kamusi na kwenye mitihani. Ila nakubali, gereji zote nilizopita ni vaisi.

Nichangie jambo. Kabla ya kuifungua vaisi yoyote, jua imetengenezwa kwa chuma gani. Gusisha grenda sehemu iliyofichika, chini ya kitako. Cheche zikiwa fupi, nyekundu na hafifu, hiyo ni chuma cha kumiminwa, haitaki nyundo. Zikiwa ndefu na nyeupe, ni chuma cha pua. Record nyingi za zamani ni za kumiminwa. Ndiyo maana yule anayechomeka bomba la mita moja kwenye mpini ili akaze zaidi anaua kifaa chake mwenyewe.

#10 BenchiLaMninga

Nashukuru wote. @Kinyozi picha nitaweka nikipata mwanga.

Kabla ya historia naomba msaada. Taya ya mbele imegandana na reli yake (ile njia inayotelezea), skrubu inazunguka robo tu halafu inagoma. Dizeli imekaa siku tatu. Nipige moto?

#11 SotiBetri

Usipige moto bado. Tumia magadi na chaja ya betri. Mimi nimesafisha vaisi mbili, mashine ya kusaga nyama na vipuri vya baiskeli kwa njia hii.

Chukua pipa la plastiki, siyo la chuma. Jaza maji, weka magadi, mimi huweka vijiko vinne vya chakula kwa kila lita 20. Yaponde kwanza yayeyuke. Ning'iniza vaisi katikati isiguse chini. Pembeni zamisha vipande vya chuma kibovu, mimi natumia vipande vya nondo, viwe pande zote kwa sababu kutu inatoka upande unaotazamana na nondo. Chaja ya volti 12: waya hasi, ule mweusi, kwenye vaisi. Chanya kwenye nondo. Washa. Utaona viputo vidogo vinapanda kutoka kwenye vaisi kama soda, na baada ya saa chache maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Acha usiku kucha. Asubuhi ile kutu nyekundu inakuwa tope jeusi, unalitoa kwa brashi. Chuma chenyewe hakiliwi. Suuza, anika juani palepale, paka oili, maana Dodoma hata bila mvua chuma kilichovuliwa hivyo kinaanza kuwa na kutu kabla hujamaliza chai.

#12 Tona

Nyongeza muhimu kwa @SotiBetri. Viputo vile ni hidrojeni, inalipuka. Fanyia nje, usivute sigara karibu, na zima chaja kwanza ndipo uguse vibano. Pia usitumie kijiko wala sahani ya chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, inatoa sumu ya kromu kwenye maji.

Na magadi yachague. Yapo yenye chumvi nyingi ndani. Ukisikia harufu kama ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, hiyo ni klorini, yamwage.

#13 Fundi Nkuhungu

Wasichanganye waya jamani. Mimi nilifunga chanya kwenye vaisi. Ilikuwa Paramo ya inchi 4, niliyopewa na mjomba nilipomaliza ufundi. Niliiacha toka jioni mpaka adhuhuri nikiwa kazini. Niliporudi, maandishi ya pembeni yote yameliwa, kingo zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Bado ninayo, inabana, lakini jina lake halipo tena. Hadi leo nikiigusa pale palipokuwa na herufi najisikia vibaya. Mweusi kwenye vaisi. Andika kwa chaki ukutani.

#14 Mvumi Makulu

Mnabishana reli na karanga mmesahau misheni. Huku Mvumi kuna hospitali ya misheni, na misheni nyingi za zamani zilikuwa na karakana zake: vitanda, madirisha, magari, pampu. Wamisionari wa Kianglikana walikuja na vifaa kutoka kwao kwa meli, kisha treni. Jirani yangu ana vaisi ya Parkinson iliyotoka misheni, hakuna reli wala karanga iliyohusika. Ina kitufe chini ya mpini, ukikibonyeza taya unaivuta kwa mkono bila kuzungusha.

#15 Tona

Hiyo Parkinson ni ya Shipley, Yorkshire. Kitufe kinaachia nusu-nati isishike skrubu. Mwambie jirani yako asiiuze. Nusu-nati ikilika, apeleke kwa mkerezaji atengenezewe ya shaba nyeusi, asikubali kuchomelewa.

Na kwa mnaokusanya: Woden siyo Record, ingawa wengi mnachanganya kwa sababu ya jina Hampton. Woden ilitengenezwa Wednesbury na Steel Nut & Joseph Hampton.

#16 Mteja wa Sabasaba

Samahani wakuu, mimi sielewi. Vaisi mpya ya Kichina inapatikana madukani, imepakwa rangi ya bluu, haina kutu. Kwa nini mtu ahangaike wiki nzima na magadi?

#17 BintiWaFundi

@Mteja wa Sabasaba, nitakujibu kwa ya kwangu.

Baba alikuwa fundi Chang'ombe, anatengeneza majiko, mageti na majembe ya ng'ombe. Vaisi yake aliinunua kwa mtu kabla sijazaliwa. Alipofariki ndugu waligawana vitu, televisheni na pikipiki vikaenda, vaisi ikabaki imefungwa mezani kwa sababu hakuna aliyeitaka. Nikaichukua. Nina karakana yangu sasa, nachomelea mageti, nina vijana wawili.

Nilinunua mpya pia. Mwezi wa tano skrubu yake ilikula nati, taya zikawa hazikutani sawasawa. Unabana bapa upande mmoja, upande wa pili karatasi inapita. Ya baba, nabana wembe na unashika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu ya taya ya nyuma kuna shimo dogo, kama punje ya mtama, alilopiga na panchi alipokuwa akinionyesha jinsi ya kushika nyundo. Nilikuwa darasa la tatu. Kila ninapobana kitu kidole changu kinapita hapo.

Zipo mpya nzuri pia, sikatai, ila kwa bei ya nzuri unapata hizi mbili.

#18 Mteja wa Sabasaba

Nimekuelewa dada. Pole kwa mzee.

#19 Fundi Nkuhungu

Dada @BintiWaFundi, heshima kwako. Unaweka grisi kwenye reli ya taya au oili?

#20 BintiWaFundi

Grisi kwenye skrubu na nati tu. Kwenye reli napaka oili nyepesi kwa kitambaa na kuifuta. Kwa vumbi letu hili la Agosti, grisi ikikaa nje inageuka msasa.

#21 Mzee wa Gereji

Mimi naweka grisi kila mahali tangu 1989 na haijawahi kunisumbua. Unaifuta kila Jumamosi unapaka mpya.

#22 Mwalimu wa Ufundi

Mzee, hiyo Jumamosi ndiyo inayokuokoa, siyo grisi.

#23 KisimaChaMaji Bahi

Naombeni ushauri. Yangu ina ufa kwenye taya ya mbele, mwanzo wa shingo. Kuna fundi kaniambia anaziba kwa umeme dakika kumi.

#24 Tona

Usimpe. Chuma cha kumiminwa ukikichoma kikiwa baridi kwa fimbo ya kawaida, kinashika mbele ya macho yako, halafu usiku unasikia "ta!" Ufa mpya pembeni ya weldi. Nimeletewa nyingi za namna hiyo.

Njia mbili. Ya kwanza: ipashe moto yote polepole juu ya mkaa, choma kwa fimbo za nikeli vipande vifupi vya kama inchi moja, gonga kila kipande kwa kinyundo kikiwa bado moto, ukimaliza izike ndani ya majivu makavu hadi kesho yake. Ya pili: gesi na shaba. Shaba haiyeyushi chuma, inanata, joto linakuwa dogo. Kwa ufa wa shingo mimi ningechagua shaba, kisha vaisi hiyo uitumie kazi nyepesi tu.

#25 Mzee wa Gereji

Nikeli bei yake hapa mjini ikoje siku hizi? Na wewe Tona uko wapi hasa, maana unajua mambo.

#26 Msafiri wa Treni

Nimesoma uzi huu nikiwa ndani ya SGR natoka Dar, nimeanza kuusoma Morogoro na sasa tunaingia Dodoma. Wazee wa reli ya zamani wangeona mwendo huu.

Kuhusu Kongwa, kuna kipindi hamjakigusa. Miaka ya 1960 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU, MPLA. Walikaa kwenye majengo yaleyale yaliyoachwa na mradi. Kambi zina magari, magari yana mafundi. Huenda vaisi nyingine zililetwa na wao, au walizikuta wakazitumia wakaziacha.

#27 MtotoWaKongwa

Walizikuta. Ila sawa, kama walileta zao siwezi kukataa, wazee wanasema magari yalikuwa yanaingia na kutoka.

#28 BenchiLaMninga

Nimerudi wakuu, magadi yamefanya kazi. Taya imeachia asubuhi hii, nilisikia kama mtu anavuta pumzi. @SotiBetri Mungu akubariki.

Rangi ilikuwa tabaka tatu: kijani juu, kijivu katikati, nyekundu ya kuzuia kutu chini. Herufi za ubavuni zimesomeka zote: E.A.R. & H. Kwa hiyo @MjukuuWaReli na @Tona mmepata.

Lakini nilipoigeuza nisafishe kitako, kuna mshale. Mdogo, umegongwa karibu na tundu la boliti. Vaisi moja, mshale wa jeshi na herufi za reli.

Skrubu za kushikilia taya pia zimenichanganya. Nilijaribu boliti ya M10, inaingia mizunguko miwili inagoma.

#29 Tona

Acha kuilazimisha! Hiyo ni nyuzi za Whitworth, za Kiingereza. Pembe ya nyuzi ni digrii 55, ya metriki ni 60. Tafuta za zamani kwa wauza vipuri vya Land Rover na Bedford, au nikukerezee.

Kuhusu mshale na reli, mimi naona ni mali ya jeshi iliyouzwa baada ya vita, reli ikanunua. Haihitaji Kongwa.

#30 MtotoWaKongwa

Inahitaji! Kongwa ilijengewa reli yake kwa ajili ya mradi. Jeshi likauza kwa mradi, mradi ukafa, reli ikachukua. Mshale na herufi, vyote viwili vina maelezo.

#31 MjukuuWaReli

Au ilikuwa ya reli siku zote, vita ilipokuja jeshi likaichukua na kugonga mshale, ikarudishwa.

#32 MtotoWaKongwa

Jeshi gani linarudisha kitu?

#33 BintiWaFundi

Mmenitia hamu. Leo tumefunga kazi mapema nikafungua vaisi ya baba nione kitako, mara ya kwanza tangu aifunge. Boliti tatu zimetoka, ya nne imekatika. Chini hakuna mshale wala E.A.R. Kuna herufi moja na namba, zimegongwa kwa panchi: K 14.

#34 MtotoWaKongwa

K. Kongwa.

#35 MjukuuWaReli

K ni karakana, dada. Karakana namba 14.

#36 Mvumi Makulu

Au Kilosa. Au Kilimatinde, nako kulikuwa na misheni.

#37 BintiWaFundi

Mama anasema baba aliinunua kwa mtu aliyekuja nayo kwa mkokoteni wa ng'ombe, na hakumbuki alitokea upande gani. Nitamuuliza tena akiwa ametulia.

@Tona, hiyo boliti iliyokatika imebaki ndani ya meza, kipenyo kama nusu inchi. Una Whitworth za saizi hiyo? Nitakuja nayo Jumatatu, na nitaibeba na vaisi yenyewe uione.